Wameitoa tezi nzima, bado wanasema tusubiri

Shikamoo Daktari,

Nakuandikia kuhusu mdogo wangu wa kiume, ana miaka 23. Alianza na uvimbe shingoni upande wa kushoto, juu kidogo ya mtulinga. Haukuwa na maumivu, kwa hiyo alikaa nao kimya miezi kadhaa akiuficha kwa kola ya shati. Nilipouona mimi ulikuwa umeshapata wenzake wawili. Akapewa antibiotiki, lakini wapi.

Akachomwa sindano kwenye uvimbe, wakavuta seli wakazipima. Majibu: "Seli za tezi, mchanganyiko wa kawaida. Hakuna seli za saratani zilizoonekana." Nyumbani tukamshukuru Mungu. Lakini alikuwa akilowa jasho usiku mpaka shuka zinabadilishwa, na suruali zote zinampwaya. Basi akaanzishiwa dawa za TB, ingawa hakuna kipimo kilichoonyesha vijidudu. Anazimeza kwa uaminifu na uvimbe haujarudi nyuma. Sindano ikarudiwa, majibu yakawa yale yale.

Hatimaye tukapata daktari wa upasuaji aliyesema tuache kubahatisha, akaitoa tezi moja nzima. Tukajua sasa tutaambiwa. Majibu yametoka, nimeyanakili kama yalivyo: "Muundo wa tezi umevurugika. Kuna seli kubwa chache zisizo za kawaida katikati ya limfosaiti, eosinofili na seli za plazima. Mwonekano unatia shaka ya limfoma, ikiwemo ya Hodgkin. Imunohistokemia inapendekezwa: CD30, CD15, PAX5, CD20, CD3." Na tumeambiwa tusubiri wiki nyingine mbili, labda tatu.

Daktari, mama halali. Baba mdogo anasema saratani ikiguswa na kisu inasambaa, kwamba tumeshaharibu. Tabibu mmoja anayetufahamu anashauri mgonjwa apewe prednisoloni kupunguza uvimbe wakati tunasubiri. Mimi nataka nikachukue hicho kinyama nikipeleke kwingine. Kuna kitu tunafichwa? Na kama ni saratani, si waanze tu dawa?

Dada Mtu

Marahaba, dada.

Naanza na lisiloweza kusubiri: prednisoloni asimeze, isipokuwa daktari atakayemtibu limfoma, yaani saratani ya seli za tezi za limfu, aseme hivyo yeye mwenyewe. Dawa hiyo inaua limfosaiti, yaani chembe nyeupe za damu zinazojaa kwenye tezi, zikiwemo za saratani. Uvimbe utapungua kweli, mgonjwa atajisikia nafuu, na nyumba nzima itadhani amepona. Wiki chache baadaye uvimbe unarudi. Utaniambia tezi imeshatoka, kwa hiyo kinyama kiko salama. Ndiyo, lakini kisipotosha kwa vipimo vilivyobaki itabidi ikatwe tezi nyingine, na iliyokatwa kwa mtu aliyekwisha kumeza vidonge hivyo inaweza kuwa imejaa seli zilizokufa ambazo hakuna anayeweza kuzisoma. Kama ameshameza, hata kwa siku mbili, mwambieni daktari na maabara wajulishwe. Kama amekuwa akivitumia kwa muda mrefu, asiviache ghafla bila daktari kujua.

La pili lisilosubiri. Limfoma ya kijana wa umri huu mara nyingi hujaza pia tezi za ndani ya kifua. Akianza kushindwa kulala chali kwa kukosa pumzi, uso au mikono ikavimba, mishipa ya shingo ikatuna, mpelekeni dharura siku hiyo hiyo. Habari ya kungoja majibu inaisha hapo.

Sasa tuyasome hayo majibu, maana naona mmeyachukua kama kukwepa swali. Mimi nayaona ni majibu ya mtu makini.

Tezi nzima ya limfu ikikatwa na kutazamwa kwa hadubini ina mpangilio wake: ganda la nje, vifundo vya seli B pembezoni, seli T kati ya vifundo (zote mbili ni aina za limfosaiti), na mifereji inayopitisha limfu. Mwili ukipambana na maambukizi vifundo vinavimba lakini mpangilio unabaki. Limfoma inauvunja. Daktari wa patholojia, yule anayesoma vinyama kwa hadubini, anapoandika "muundo umevurugika" amekwisha kuwaambia jambo zito: kwamba huu si uvimbe wa kawaida wa mafua au jino bovu. Neno "shaka" linahusu jina la ugonjwa.

Na hapa ndipo lilipo jibu la swali ambalo hukuuliza, kwa nini sindano mbili hazikuona kitu. Sindano nyembamba inavuta seli zilizotawanyika. Mpangilio haivuti, hauvutiki. Limfoma ya Hodgkin ina tabia nyingine ya kuudhi: seli za saratani zenyewe ni chache mno, mara nyingi asilimia 1 tu ya seli zote za uvimbe au pungufu ya hapo. Nyingine zote ni askari wa kawaida walioitwa na seli hizo: limfosaiti, eosinofili, seli za plazima, yaani zile zile zilizotajwa kwenye majibu yenu. Sindano ikichota katikati ya umati huo inaleta "mchanganyiko wa kawaida", na aliyesoma hakudanganya. Kosa liko kwa anayepokea majibu hayo na kuyageuza kuwa "hakuna saratani". Sindano siikatai. Inafaa kutafuta TB, inafaa kugundua saratani iliyohamia kwenye tezi kutoka kwingine. Lakini tezi iliyokaa wiki zaidi ya sita, ngumu, isiyouma, iliyo juu ya mtulinga, kwa mtu anayepungua na kulowa jasho usiku, sindano ikisema "kawaida" bado inatakiwa itolewe nzima. Muda wenu ulipotea kule kwenye sindano na vidonge vya kukisia. Hizi wiki mbili zinazowauma sasa ndizo za kwanza zinazofanya kazi.

Kazi yenyewe ni hii. Tezi ikifika maabara inapasuliwa vipande vyembamba vya milimita chache, kwa sababu formalini, dawa ya kukihifadhi kinyama kisioze, hupenya taratibu, si zaidi ya milimita moja hivi kwa saa, na tezi iliyotumbukizwa nzima inaweza kuoza katikati huku nje inaonekana nzuri. Inakaa kwenye formalini usiku kucha au zaidi, inatolewa maji, inazamishwa kwenye parafini ya moto na kugandishwa kuwa bloku. Bloku hilo linakatwa utando wa maikromita 3 au 4, nusu hivi ya upana wa chembe nyekundu moja ya damu. Utando unaelea juu ya maji ya uvuguvugu, unaokotwa kwa kioo, unapakwa rangi mbili, zambarau kwa viini na waridi kwa vinginevyo. Hicho ndicho kioo kilichotoa majibu mliyonayo.

Kwenye kioo hicho mtu anatafuta seli moja mashuhuri: kubwa, yenye viini viwili vilivyoelekeana, kila kimoja na kijiini chekundu katikati, kama macho ya bundi. Inaitwa seli ya Reed-Sternberg, kwa majina ya Carl Sternberg aliyeieleza mwaka 1898 na Dorothy Reed mwaka 1902. Thomas Hodgkin mwenyewe hakuwahi kuiona. Aliandika juu ya ugonjwa huu London mwaka 1832 kwa kutazama tezi za maiti kwa macho matupu. Mwaka 1926 vipande vya baadhi ya wagonjwa wake, vilivyokuwa bado vimehifadhiwa, vikatazamwa kwa hadubini. Baadhi vilikuwa kweli ugonjwa unaobeba jina lake. Si vyote. Basi kama Hodgkin mwenyewe hakuweza kuutenga kwa macho, tusimlaumu anayeomba rangi za ziada.

Rangi hizo ndizo imunohistokemia. Utando mpya unakatwa kutoka bloku lile lile, unamwagiwa kingamwili iliyotengenezwa kushika protini moja tu, na panaposhikwa pakageuka kahawia unajua protini ipo. Hizo herufi na namba ulizonakili ni majina ya protini. Nakueleza zinavyosomwa ili siku ya majibu usikae kama mgeni.

Katika limfoma ya Hodgkin ya klasiki, seli kubwa zinashika CD30 kwa nguvu: ukingo wa seli unakuwa kahawia na kuna doa pembeni ya kiini. CD15 nayo inashika kwa wagonjwa wengi ingawa si wote, kwa hiyo ikikosekana peke yake haifuti ugonjwa. PAX5 inashika kiini lakini kwa unyonge, rangi hafifu kuliko ya seli B ndogo za jirani, na huo unyonge ndio ushahidi. CD20 kwa kawaida haishiki, au inashika kwa mabaka. CD3 haitakiwi kwenye seli kubwa, ila utaiona kwenye seli T ndogo zilizoizunguka kila moja kama pete. Mara nyingi huongezwa na kipimo cha kutafuta virusi vya Epstein-Barr ndani ya seli hizo, maana hupatikana kwa sehemu ya wagonjwa.

Angalia sasa kinachotokea jambo moja likibadilika. CD20 ikishika kwa nguvu kila seli kubwa na CD30 na CD15 zikakataa, huenda ni aina ile nyingine ya Hodgkin, ambayo huenda polepole na hutibiwa kwa namna yake. CD30 ikishika kwa nguvu lakini PAX5 ikakosekana kabisa, mtu anaanza kufikiria limfoma ya seli T. CD20 kali pamoja na CD30 hafifu kwa kijana mwenye uvimbe kifuani, kuna limfoma ya seli B kubwa ya kifua. Na kuna maambukizi ya virusi vya Epstein-Barr vyenyewe, ugonjwa wa vijana unaoisha wenyewe, ambao huweza kutoa seli kubwa zenye CD30 zinazofanana mno na za Hodgkin. Kwa mdogo wako, aliyeumwa miezi mingi na kukonda, hili la mwisho silipi uzito mkubwa. Nalitaja kwa sababu umeuliza kwa nini wasianze tu.

Wasianze kwa sababu "limfoma" si ugonjwa mmoja. Zimeorodheshwa aina zaidi ya 60, na dawa hufuata aina. Rituximab, iliyoidhinishwa kwa mara ya kwanza Marekani mwaka 1997, inafanya kazi kwa kuishika CD20. Seli isiyo na CD20 haina pa kushikwa. Dawa za dripu wanazopewa wa Hodgkin ya klasiki ni kundi jingine na lile la seli B kubwa. Ipo na limfoma ya Burkitt, inayokua kwa kasi kiasi kwamba kila siku ina maana, na hiyo hutibiwa kwa ukali tofauti. Dozi ya kwanza ikimwagwa kwa kukisia, ushahidi unaharibika na mwili unakuwa umeshalipa. Hodgkin ya klasiki, kama ndiyo, ni miongoni mwa saratani zinazotibika vizuri kuliko nyingi, watu wengi huponywa kabisa. Ndiyo sababu nang'ang'ania jina lipatikane sawasawa mara ya kwanza.

Kuhusu TB. Dalili zinafanana kweli: homa, jasho, kukonda, tezi za shingo. Simshangai aliyeifikiria, namshangaa aliyeacha kuitafuta. Tezi ikitolewa, kipande kinatakiwa kitengwe kibichi kwa ajili ya kuotesha vijidudu kabla ya formalini, kwa sababu formalini inaviua. Muulizeni daktari wa upasuaji kama alitenga. Kama hakutenga, rangi za kutafuta TB bado zinaweza kupakwa kwenye bloku. Msidanganyike pia na jambo hili: tezi za TB zinaweza kuvimba zaidi mwanzoni mwa dawa kabla ya kupungua, kwa hiyo "dawa hazikusaidia" si kipimo. Na magonjwa haya mawili yanaweza kukaa kwa mtu mmoja. Dawa za TB asiziache kwa uamuzi wenu, aamue daktari akishaona majibu kamili.

Kinyama, usikichukue sasa. Ukilitoa bloku maabara leo umezisimamisha hizo rangi tano na kuanza foleni upya kwingine. Lakini nia yako ni nzuri, ila umewahi mno. Limfoma ni eneo ambalo hata wataalamu hutofautiana, na kuomba jicho la pili, hasa la daktari wa patholojia anayesoma limfoma kila siku, ni haki ya mgonjwa wala si tusi kwa wa kwanza. Majibu yakishatoka, ombeni bloku na slaidi zote, zile za rangi mbili na zile za kahawia, pamoja na nakala ya taarifa iliyosainiwa. Taarifa peke yake haitoshi, anayesoma mara ya pili anahitaji kuona kwa macho yake. Sainini mlipochukulia, andikeni namba iliyo kwenye bloku, na likirudi lirudisheni maabara kwa sababu huko mbele linaweza kuhitajika tena. Lisiachwe juani wala ndani ya gari lenye joto. Ni nta, inayeyuka.

Kwa leo nenda dirishani na maswali machache. Je, rangi zinafanyika hapo hapo au zinapelekwa maabara nyingine? Kama zinapelekwa, bloku limeshaondoka au liko kwenye droo likingoja malipo au saini ya mtu? Nimeona kucheleweshwa kwingi kwa namna hiyo, hakuna anayeficha chochote, ila karatasi imelala. Je, fomu iliyokwenda na tezi ilieleza jasho la usiku, kukonda, dawa za TB na miezi ya uvimbe? Fomu nyingi huandikwa "uvimbe shingoni" basi, na anayesoma anabaki kukisia. Kama ya mdogo wako ni hivyo, mwombe daktari wake aandike upya au apige simu maabara. Simu ya dakika tano kati ya hao wawili ina thamani kuliko hasira ya ukoo mzima.

Majibu ya mwisho yakija, yawe na jina kamili la aina. Yakisema "limfoma" bila kuongeza, ulizeni aina gani, na rangi zipi zimeshika na zipi zimekataa.

Baba mdogo umwambie kwa heshima zake: limfoma haisambai kwa sababu tezi imekatwa. Ni ugonjwa wa seli ambazo kazi yake tangu mwanzo ni kuzunguka mwilini, zilikuwa zinatembea kabla ya kisu. Kidonda kikipona vizuri hakuna kilichoharibika. Kinachomfanya aone "alikatwa akazidiwa" ni kwamba wengi hukatwa wakiwa wamechelewa.

Wiki hizi mbili zina kazi nyingine zisizohitaji kungoja jina. Kipimo cha VVU kifanyike kama hakijafanyika, kwa sababu VVU huongeza uwezekano wa limfoma na matibabu hupangwa kwa kuvizingatia. Homa ya ini B ipimwe, dawa kama rituximab zinaweza kuiamsha iliyolala. Ulizeni kama picha ya CT, au ya PET ikiwa inapatikana, inaweza kupangiwa tarehe mapema, maana itatakiwa kujua ugonjwa umefika wapi. Aandike joto lake la mwili jioni na uzito wake kila wiki. Homa inayozidi nyuzi 38 isiyo na sababu, jasho la kulowesha shuka na kupoteza zaidi ya asilimia 10 ya uzito ndani ya miezi sita ni mambo ambayo daktari atayauliza na huyatumia kupanga tiba.

Limebaki moja. Baadhi ya dawa hizi zinaweza kupunguza uwezo wa kupata watoto, na kuna mahali ambapo mbegu za kiume huhifadhiwa kabla ya dozi ya kwanza. Baada ya dozi ya kwanza nafasi hiyo inaanza kufunga. Kijana wa miaka 23 hataliuliza hilo mama yake akiwa kwenye kiti cha pembeni, wala dada yake. Siku ya kuonana na daktari, mwacheni aingie kwanza peke yake.